Fumba macho kwanza: kupima video za harusi Arusha na Moshi

Kampuni ya video ikikuonyesha kazi zake, usikubali kuishia kwenye trela. Omba ifunguliwe ibada ya harusi moja, nzima. Maharusi wakifika kwenye kiapo, fumba macho kwa dakika mbili. Ukisikia kila neno la bibi harusi, yule anayenong'ona kwa woga, endelea na mazungumzo ya bei. Ukisikia feni, kikohozi cha mzee wa benchi la mbele na mchungaji anayesema kama yuko ndani ya pipa, shukuru uondoke.

Kazi nyingi za hapa kwetu hukwama kwenye jaribio hilo, na inauma kwa sababu kwa picha ziko vizuri. Vijana wa Arusha na Moshi wanajua msafara. Wanajua kumpiga picha mpiga tarumbeta aliyesimama nyuma ya pikapu, kameramani akiwa gari la mbele, mashavu yamejaa na barabara inakimbia nyuma yake. Trela ya dakika tatu ya kusambaza WhatsApp huwa tamu kweli. Taabu inaanza kwenye ile video ndefu, ambayo wazazi kule Marangu au Meru wataiweka kila mgeni akija.

Hatupangi kampuni moja moja kwa majina, kwa sababu ya namna kazi hii inavyofanyika. Kameramani hukodishana. Aliyepiga harusi uliyoipenda Njiro anaweza Jumamosi inayofuata kuwa Moshi chini ya jina jingine, na wewe ukapelekewa mtu ambaye hujawahi kuona kazi yake. Kwa hiyo tunapima huduma yenyewe: nini kinatakiwa kufanyika, na kikikosewa kitaonekanaje. Swali la kwanza kwa kampuni yoyote liwe hili: nani hasa atashika kamera siku ile, na nani atahariri?

Soma karatasi za bei. 4K, kamera tatu, droni, gimbali (kishikio cha kamera chenye mota), skrini ukumbini, albamu. Wengine siku hizi wanaiita filamu ya harusi na kuilipisha zaidi. Maiki haitajwi. Kamati nayo haiulizi, maana kamera tatu unaweza kuzihesabu kwa macho na sauti huwezi.

Hesabu ya sauti ni ndogo na ni katili. Maiki iliyo juu ya kamera, kamera ikiwa mita nne kutoka kwa maharusi, inapokea sauti ya kinywa ikiwa hafifu kwa desibeli 26 kuliko maiki iliyobandikwa sentimita 20 chini ya kidevu. Mhariri akipandisha sauti ili kiapo kisikike, anapandisha pamoja nayo mwangwi wa kuta, viti na watoto. Hakuna programu itakayourudisha ule ukaribu. Kamera ya nyuma ya kanisa ina kosa la ziada: sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo kwa umbali wa mita 17 inachelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Video ya fremu 25 kwa sekunde (fremu ni kila picha moja inayounda video) inakuwa imepitwa na zaidi ya fremu moja, na midomo inaanza kuachana na maneno. Mtazamaji hatajua kwa nini, ila ataona kuna kitu hakikai sawa.

Anayejua kazi humbandika bwana harusi maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi wa koti, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, upande unaomwelekea bibi harusi. Kwa kuwa wanasimama wakitazamana, maiki hiyo moja hunasa viapo vyote viwili. Gauni liachwe: lesi na mkufu husugua maiki kila pumzi. Halafu kisambaza sauti, kile kiboksi cha maiki anachovaa bwana harusi, kiwe pia kinarekodi ndani yake chenyewe. Maiki nyingi zisizo na waya za bei ya kati hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na kanisa lililojaa simu mifukoni linaweza kuikata sauti katikati ya neno "nakubali". Kile kilichobaki ndani ya kisambazaji ndicho kitakuokoa.

Chanzo cha pili ni mikisa, meza ya kuchanganyia sauti ya kanisa au ya ukumbi, na hapo kuna kosa moja linalojirudia. Waya unaotoka kwenye mikisa huwa na nguvu kubwa mara nyingi kuliko maiki. Ukichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la kamera, sauti inapasuka kuanzia "Bwana asifiwe" ya kwanza, na iliyopasuka haishoneki. Kinasa kiwekwe kwenye hali ya "line", au waya upitie kipunguzi cha nguvu, kisha kiwango kipangwe ili mtu anayesema kwa nguvu afike kama desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kilele ambapo sauti hupasuka. Matarumbeta yapewe nafasi kubwa zaidi, kwani mpiga tarumbeta akigeukia kinasa hatoi onyo.

Hata mikisa ikinaswa vizuri haitoshi. Mikisa inajua kile tu kilichopita kwenye maiki zake. Vigelegele havipiti humo, wala kicheko baada ya utani wa mshereheshaji, wala kwaya iliyoimba bila maiki. Video iliyotegemea mikisa peke yake ina hotuba safi na ukumbi mfu, kama baba wa bibi harusi alihutubia chumba kitupu. Dawa ni maiki ya tatu kwenye stendi, juu ya vichwa vya wageni na mbali na spika, ambayo mhariri ataichanganya kidogo chini ya hotuba na kuipandisha watu wanapolipuka. Nyenzo hii ni rahisi kuliko lenzi yoyote, na ukiisikia imetumika ujue umempata mtu anayejua anachofanya.

Jambo la msimu: kati ya Machi na Mei mvua juu ya bati humeza kila kitu. Kiapo kikinaswa na maiki ya ukosini kitasikika, na mvua itabaki nyuma kama baraka. Kikinaswa na kamera, umebaki na mvua.

Vinasa na kamera zote vilinganishwe kwa kofi moja linalopigwa mbele yao kabla ya ibada, na jingine mwishoni. Saa za vifaa hivi hazitembei sawa. Kwa ibada ya saa mbili huachana fremu kadhaa, na kofi la mwisho ndilo linalomwambia mhariri zimeachana kiasi gani.

Sasa mwanga. Arusha na Moshi ziko kama nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu mwaka mzima jua la mchana linakuwa juu sana, na mwezi Machi na Oktoba linakaribia kabisa utosini. Uso uliopigwa saa saba mchana bila kivuli una mashimo meusi mahali pa macho. Kivuli chenyewe kinachaguliwa: majani ya mti yanayopitisha jua humwaga madoa usoni, na katikati ya migomba ngozi inachukua ukijani ambao mhariri atahangaika nao wiki nzima. Veranda inayotazama ukuta mweupe uliopigwa na jua ni bora kuliko vyote viwili, kwani ukuta unarudisha mwanga laini usoni bure.

Kwa Moshi kuna mlima, na kila mtu anautaka. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini ya mji, kwa hiyo ukiitaka nyuma ya maharusi, kamera inaelekea kaskazini. Tangu mwanzoni mwa Oktoba hadi karibu katikati ya Machi, jua la mchana liko upande wa kusini, mgongoni mwa kameramani. Liko juu bado, lakini nyuso zinapata kitu. Bahati nzuri Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na harusi kusongamana, imo humo. Juni na Julai jua limehamia kaskazini, nyuzi kama 63 juu ya upeo, nyuma ya vichwa vya maharusi. Hapo bila taa au kitambaa cha kurudisha mwanga unachagua kimoja: nyuso nyeusi tii na mlima mzuri, au nyuso nzuri na mlima uliofutika. Tena mlima wenyewe hausomi ratiba. Mara nyingi hutoka asubuhi na jioni, mchana hujifunika. Kampuni inayokuahidi Kibo saa nane mchana bila kusita haijautazama mlima huo sana.

Mwanga wa jioni ndio mtamu na ndio mfupi. Huku jua hushuka karibu wima: likifika nyuzi kumi juu ya upeo zimebaki kama dakika 40 lizame, na likishazama una dakika 20 hivi kabla ya giza. Mwaka mzima machweo hayatoki mbali na saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja kasoro. Tazama ratiba ya kamati uone maharusi wako wapi saa hiyo. Mara nyingi wako saluni wanabadilisha, au wameketi garini nje ya ukumbi wakisubiri wageni wajae. Kameramani mzuri huzungumza na mshereheshaji siku kadhaa kabla na kuiomba nusu saa hiyo.

Gauni jeupe na ngozi nyeusi katika fremu moja ni mtihani wa kweli, na kamera ikiachiwa ijipangie yenyewe huufeli. Inaona gauni, inaogopa, inashusha mwanga, uso unazama. Kameramani apime mwanga wa uso, kisha aangalie gauni lisichomeke hadi nakshi zipotee. Ile kanuni ya kuweka uso kwenye asilimia 70 ya mwanga (100 ikiwa weupe uliochomeka) iliandikwa kwa kufikiria ngozi nyeupe. Ngozi nyingi zetu hukaa vizuri kati ya 45 na 55. Kuivuta ngozi ifike 70 ndiko kunakozaa bibi harusi wa rangi ya jivu, na vichujio vya kulainisha vikiongezwa juu yake anabaki bila vinyweleo, bila tundu la pua, karibu bila umri. Ajabu watu hulipia hilo.

Ukumbini ndipo kazi mbovu hujianika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotegemea umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani, fremu 30 na shata ya 1/60 (sehemu ya sekunde ambayo kila fremu hupokea mwanga), inaona: mistari myeusi inapanda polepole juu ya meza kuu usiku kucha. Tiba ni kubadilisha mpangilio kwenye menyu, fremu 25 na shata ya 1/50, au fremu 50 na shata ya 1/100. Haihitaji hata shilingi. Umeme ukikatika na ukumbi ukahamia jenereta ndogo, hezi nazo huyumba na mistari inaweza kurudi, kwa hiyo lazima mtu awe anatazama skrini ya kamera badala ya kutazama pilau. Skrini kubwa za LED nyuma ya maharusi zina mapigo yao wenyewe, ndiyo maana kameramani makini hufika mapema, skrini ikiwashwa, na kusogeza shata kidogo kidogo mpaka mistari itulie.

Halafu zile taa za zambarau. Mpambaji anazipenda, na ukumbini zinapendeza, lakini zambarau tupu ikipiga ngozi haibakizi rangi nyingine ya kurekebisha. Ombeni meza kuu ipewe taa nyeupe na zambarau ibaki kwenye kuta. Taa moja juu ya kamera si suluhisho: mgeni aliye mita mbili anapata mwanga mara nne ya aliye mita nne, hivyo wa mbele anang'aa kama sahani na wa nyuma yuko pangoni. Taa mbili kwenye stendi za mita mbili na nusu, pembeni mwa meza kuu, zikitazama chini kwa mshazari, zikaachwa hapo usiku mzima, zinafanya kazi ambayo kamera ya bei mbaya haitaifanya. Mizani ya rangi, yaani namna kamera inavyoamua weupe ni upi, nayo ifungwe. Ikiachwa ijichagulie, keki itaingia nyeupe na kukatwa ikiwa ya bluu.

Gimbali, kile kishikio chenye mota, kimeharibu watu wengi. Kila kitu kinaelea. Kinamzunguka bibi harusi, kinamzunguka mchungaji, kinaizunguka keki mara tatu. Kiapo kinataka stendi. Kamera moja nyuma ya bega la bwana harusi ikimtazama bibi, nyingine nyuma ya bega la bibi ikimtazama bwana, zote upande uleule wa mstari unaowaunganisha wawili hao, ya tatu juu kwenye roshani ikitazama kanisa zima. Kamera moja ikiruka mstari huo, kwenye video maharusi wataonekana wote wanatazama upande mmoja, kama wanasubiri daladala.

Kipimo chetu kingine ni ndafu. Mbuzi mzima wa kuokwa anaingia na majani mdomoni, mpishi anacheza, ukumbi unasimama. Kwenye kazi mbaya ni picha moja ya dakika mbili, kamera inamfuata mbuzi kwa nyuma na migongo ya watu wenye simu imejaa mbele. Kwenye kazi nzuri kameramani alishauliza ndafu itapita mlango gani, akasimama mbele yake. Tunamwona mpishi usoni. Tunaona majani yale kwa karibu, sekunde tatu. Kisu na mikono miwili juu yake. Kisha kamera inaachana na nyama kabisa na kumtafuta mama mkwe anayelishwa, kwa sababu tukio liko pale, kisha ukumbi mzima kwa mbali ili kelele zote zipate mahali pa kukaa. Picha tano, kila moja imeshikwa sekunde nane au kumi bila kutikisika ili mhariri apate pa kukata. Anayefyatua vipande vya sekunde mbili mbili anamwachia mhariri makapi.

Mwendo wa polepole una gharama yake pia. Fremu 100 kwa sekunde, ikichezwa kwa 25, inapunguza mwendo mara nne. Lakini shata inapanda kutoka 1/50 hadi 1/200, yaani kamera inapata robo ya mwanga. Ukumbini hiyo ni chembechembe kama mchanga. Tena wengi hupiga hivyo tukio zima na kamera nyingi katika hali hiyo hazirekodi sauti, ndipo unapoletewa kuingia kwa maharusi kulikofunikwa na wimbo wa dukani. Gauni likikunjuka lipigwe polepole, uachie hapo.

Droni tunaipitia haraka. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukanda huu una viwanja vya ndege vya Kisongo, Moshi na KIA, kwa hiyo omba kukiona kibali. Isirushwe wakati wa kiapo cha nje, maana inavuma kama nyuki wa kopo. Picha mbili za juu zinatosha harusi nzima.

Uhariri ndio unaokula muda, na ndio unaofanywa usiku wa manane kwa haraka. Tafuta mambo matatu kwenye kazi wanayokuonyesha. Rangi za kamera tatu zifanane: gauni lisiwe jeupe hapa na krimu pale. Muziki ushuke desibeli 15 au 20 mtu anapoanza kusema, wala usipambane na baba anayetoa wosia. Na sauti itangulie picha mara mojamoja: unasikia tarumbeta ungali ukitazama bibi harusi anafungwa viatu, kisha ndipo pikapu inaonekana. Mhariri anayefanya hivyo anafikiri. Anayerusha mioyo inayozunguka kila anapobadilisha picha anaficha viungo vibovu. Soma pia maandishi ya mwanzo. Jina la ukoo likikosewa pale, kuna mengi yaliyopita bila kutazamwa. Nyimbo maarufu zisizo na leseni zitailetea video madai ya hakimiliki ikipandishwa YouTube, pengine ifungwe au inyamazishwe.

Kabla ya kusaini, uliza data inatunzwaje. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa, yaani kadi ya 64 haimalizi hata saa moja na nusu. Jibu linalotakiwa ni kamera yenye kadi mbili zinazoandika kitu kilekile, na nakala kwenye diski mbili kabla kadi haijafutwa. Anayejibu "usijali" ajibiwe vivyo hivyo kuhusu malipo.

Mkataba useme salio litalipwa flashi ikishachezwa kwenye TV ya sebuleni kwa wazee. Video ya saa mbili kwa megabiti 16 kwa sekunde ni kama gigabaiti 14, na flashi iliyopangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo wengine huikata vipande bila kujali neno linaishia wapi. Waiweke kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, kwa mfumo wa H.264 ambao TV nyingi husoma, na TV ikigoma exFAT ikatwe kati ya tukio na tukio. Kisha mtu aketi aisikilize yote, rimoti mkononi, kuanzia salamu za kanisani hadi wageni wanapoaga.